Bi. Namuria na Kitufe cha Badilisha Zote

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi na moja jioni, Bi. Namuria Ekidor atazima kompyuta yake katika ofisi ya kumbukumbu ya Shirika la Afya Nyikani hapa Lodwar, na Jumatatu hataiwasha. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja, miezi minne na siku kumi na saba ya utumishi. Hesabu hiyo ameipiga mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika "zaidi ya miaka thelathini", akanirudishia karatasi ikiwa na mstari mwekundu chini ya neno "zaidi".

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kubwa naliungama sasa, kabla hajalisimulia yeye kwenye kipaza sauti. Miaka miwili iliyopita tulimuaga dereva wetu, Mzee Ewoi, na wasifu niliomwandikia ulisifiwa hadi makao makuu. Basi nilipoombwa niandike huu wa leo, nilifungua faili ile ya zamani, nikaiambia mashine itafute "Mzee Ewoi" iweke "Bi. Namuria", nikabonyeza Badilisha Zote, nikaenda zangu kunywa chai. Kwa muda wa dakika arobaini hivi, kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi za shirika hili, Bi. Namuria alikuwa ameendesha Land Cruiser kilomita laki sita bila ajali, alikuwa amekwama siku mbili kwenye laga ya Tarach, ule mto wa msimu, akiishi kwa biskuti, na wake zake wawili walikuwa wametengewa viti meza ya mbele. Nakala ilipomfikia Bi. Namuria, aliandika hivi chini ya ukurasa: "Sina leseni. Sina wake. Ulitarajia kubadilisha mangapi, Abdi? Rudia."

Kwa hiyo mnayoisoma ni nakala ya pili. Jina langu ni Abdiladif, msimamizi wa ofisi yetu ya Kakuma, na kwenye karatasi nimekuwa mkubwa wake kwa miaka kumi na minne. Kwenye karatasi.

Namuria alizaliwa Lokori, binti wa mfugaji. Aliajiriwa Jumatatu ya tarehe 11 Julai 1994 kama mpiga taipu, enzi ambazo barua moja ilikuwa na nakala nne za kaboni, na herufi moja ikikosewa unaanza ukurasa upya huku jasho likidondokea karatasi. Anasema taipu ndiyo iliyomfundisha kuangalia kabla ya kubonyeza. Mimi nadhani alifundishwa mapema zaidi. Baba yake alikuwa akiacha mlango wa zizi la miiba mwembamba, upana wa mbuzi mmoja tu, na jioni Namuria, msichana wa miaka minane, alisimama pale akiwatazama wakipita mmoja mmoja. Wakishaingia wakachanganyika, kila mtu nyumbani alikuwa na hesabu yake. Pale mlangoni hesabu ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya Namuria.

Kwa wageni wetu wa heshima wasiojua tunafanya nini mle ndani kwenye feni, nieleze kidogo. Shirika lina vituo vya afya ishirini na viwili, na kila kimoja kina namba yake, kuanzia K1 hadi K22. Watu wanaotumia dawa kila mwezi, wa kifafa, wa kisukari, wa presha, majina yao hukaa kwenye faili ndefu za maandishi zinazoilisha hifadhidata. Kila mstari ni mtu mmoja: jina, umri, dawa yake, na namba ya kituo anachochukulia dawa. Kituo kikihama au dawa ikibadilishwa jina, mistari mamia inapaswa kurekebishwa. Hapo hufunguliwa kihariri cha maandishi, ile programu ya kawaida isiyo na mapambo, na hutumiwa Tafuta na Badilisha. Unaiambia mashine tafuta hiki, weka kile. Sekunde mbili imemaliza. Ndiyo raha yake, na ndiyo balaa yake.

Namuria hajawahi kuwa na haraka ya hizo sekunde mbili. Kwanza hunakili folda nzima kwenye flashi yake, ambayo ameitunga kwenye uzi wa shanga pamoja na ufunguo wa kabati na huivaa shingoni hadi kanisani. Kisha hufungua daftari lake kubwa la jalada gumu na kuandika neno "Inatarajiwa" na namba, yaani mistari mingapi anaamini itabadilika, kutokana na anachojua kuhusu watu wenyewe. Baada ya hapo huiambia mashine itafute tu bila kubadilisha, na kuandika "Imepatikana" na namba nyingine. Namba mbili zikilingana, hubonyeza. Zisipolingana, habonyezi, hata kama mkurugenzi amesimama nyuma ya kiti chake. Mkurugenzi amewahi kusimama nyuma ya kiti chake. Alisimama sana.

Madaftari hayo sasa ni ishirini na saba. Mtaalamu mmoja alikuja kutoka Nairobi kutufunza, kijana nadhifu mwenye viatu ambavyo mchanga wa Lodwar ulivimaliza kwa siku tatu. Alimwambia kwa upole, "Mama, hii ya kuandika kwa mkono imepitwa na wakati." Namuria alimwuliza mashine yake ilikuwa imebadilisha mistari mingapi asubuhi ile. Kijana akasema hajui, ila kazi imekwisha. "Umejuaje imekwisha?" Tulivunja kikao mapema kwa ajili ya chakula cha mchana. Siku ya kuondoka kijana alipita duka la Suldan mtaa wa pili, akanunua daftari la jalada gumu.

Sasa nifike Machi 2017. Nimeombwa nisiirefushe habari hii. Aliyeomba ni mimi.

Mafuriko ya laga yalikuwa yamebomoa kituo cha K1 pale Kakuma, na uongozi ukaamua wagonjwa wake wote wahamie K2. Kazi ilikuwa ya Lodwar, ya Namuria, lakini Alhamisi ile asubuhi nilitaka kumwonyesha kwamba hata sisi wa Kakuma tuna vidole. Nilifungua faili zote kwa pamoja, nikasema tafuta K1, weka K2, nikabonyeza Badilisha Zote. Mashine ikanijibu mara moja. Nikahifadhi faili, nikampigia simu nikiwa nimejaa kama puto, nikaanza na salamu ya Kiturkana.

"Ejok, madam! Kazi yako ya wiki nzima nimeimaliza saa tatu asubuhi."

"Ejok-nooi. K1 ilikuwa na watu wangapi?"

"Mia nne na kitu."

"Mia nne kumi na wawili. Na mashine imekwambia imebadilisha ngapi?"

Nikamsomea kwenye skrini: elfu moja, mia nane tisini na saba.

Nilisikia feni ya ofisi yake ikizunguka.

"Hao elfu moja, mia nne themanini na watano waliozidi," akasema, "umewatoa wapi, bwana mkubwa?"

Niliwatoa kila mahali. Mashine haijui kituo. Inajua alama ilizopewa. K1 imo ndani ya K10, imo ndani ya K11, imo ndani ya K12, hadi K19. Zote zilikuwa zimegeuka kuwa ishirini na kitu. Watu wa K10, wa Kakuma pia, walikuwa wamehamia Kapedo. Watu wa K11, nao wa Kakuma, walikuwa Lokori. Watu wa K12, Kakuma Tatu, ambao kituo chao wanakifikia kwa miguu wakibeba watoto, walikuwa sasa wakaazi wa Namoruputh, kule mpakani na Uganda. Waliobaki nilikuwa nimewapeleka vituo ambavyo havijajengwa hadi leo.

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi, aliposema anakuja, nilikata simu nikasema nitalirekebisha kosa kabla hajafika. Nikaiambia mashine itafute K2 iweke K1, nikabonyeza tena Badilisha Zote. Matokeo yake watu halisi wa Kapedo, Lokori na Namoruputh nao wakahamia Kakuma, na haikuwezekana tena kujua nani ni wa wapi. Kisha nikaona mistari fulani imekaa kama imejirudia, nikafuta mmoja ili mambo yaonekane nadhifu. Nikahifadhi. Nikafunga.

Naomba mwelewe kosa hilo lilikuwa na uzito gani. Maboksi ya dawa hufungwa Jumamosi kwa orodha inayotoka kwenye faili hizo, na magari huondoka Jumatatu. Anayepelekewa dawa yake Namoruputh huku yeye yuko Kakuma hana dawa mwezi huo. Mtoto wa kifafa akikosa dawa siku chache tu anaweza kuanguka, na katika nyumba nyingi za kambi ya wakimbizi pale Kakuma pa kuangukia ni karibu na meko.

Namuria alifika Kakuma alasiri, mavumbi mpaka kwenye nyusi, shanga shingoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali na hata nilikuwa nimechagua ya kujitetea. Hakunipa nafasi ya kuyatumia. Alivua uzi wa shanga, akachomeka flashi, na pale palikuwa na folda nzima kama ilivyokuwa Ijumaa iliyotangulia, kila mtu kituoni kwake. Kisha akanionyesha nilichopaswa kufanya. Ndani ya faili kila namba ya kituo imebanwa kati ya alama mbili ndogo, moja mbele na moja nyuma. Aliiambia mashine itafute K1 pamoja na alama zake zote mbili, ili K10 na wenzake wasiingie. Daftarini: Inatarajiwa 412. Imepatikana 412. Akapuliza wino ukauke, ndipo akabonyeza. Hata hivyo kumi wa kwanza aliwapitisha mmoja mmoja.

Saa kumi na mbili alizima mashine, akasema macho yake yamefunga ofisi. Nilimsihi tuendelee. Akaniambia nimeshaendelea vya kutosha kwa siku moja.

Ijumaa tulibaki na kazi ya walioandikishwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kwa sababu hao hawakuwa kwenye nakala yake. Walikuwa tu kwenye faili nilizoharibu. Karani wetu Zéphyrin ndiye aliyekuwa amewaingiza, na kila jioni aliandika ukutani idadi ya kila kituo kwa siku hiyo, idadi tu, bila majina. Namuria alijumlisha namba za ukutani akapata sitini na wanne. Akaandika "Inatarajiwa 64". Tukapiga simu kituo kwa kituo tukiwarudisha watu makwao, na tulipomaliza aliandika "Imepatikana 63". Upungufu ulikuwa wa K12: ukuta ulisema tisa, faili ilisema wanane.

Hapo nikakumbuka ule mstari niliofuta.

"Ulikuwa wa nani?" akauliza.

"Sikumbuki, madam. Ulionekana umejirudia."

"Jina?"

"Sikusoma sana."

Nikajaribu kumtuliza. Nilisema tuna wagonjwa zaidi ya elfu tatu, tumewapata wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja akikosa dawa si atakuja mwenyewe kulalamika, tutamwandika upya. Nilisema ni mmoja tu.

"Mmoja yupi?" akasema Namuria.

Nimekaa kwenye vikao vingi vya shirika hili, nimesikiliza hotuba za watu wenye digrii tatu. Sijaulizwa swali zito kama hilo.

Jumamosi asubuhi stoo ya Kakuma ilikuwa imechangamka. Siham, mtunza stoo, alikuwa na utepe wa kufungia mkononi.

"Siham mama, boksi la K12 usilifunge."

"Madam, dereva anagomba. Anataka kupakia mapema."

"Apakie mengine. Akigomba mwambie aje agombe na mimi, nitamkuta hapa nikirudi."

Tukaenda Kakuma Tatu kwa miguu, yeye mbele na daftari, mimi nyuma na mwavuli ambao alikataa kuutumia. Tulimtafuta Riek, mhudumu wa afya wa kujitolea ambaye anazijua nyumba za eneo lile kuliko wanavyozijua waliozijenga. Namuria alimwomba ataje walioandikishwa K12 siku zile tatu. Riek alianza kwa vidole, akitaja na nyumba: huyu wa karibu na bomba, huyu wa kanisa, huyu mzee wa baiskeli. Namuria alikuwa akiweka alama. Vidole vikafika vinane, Riek akanyanyua cha tisa.

"Na Akuch."

"Akuch yuko hapa. Wa kisukari," Namuria akasema.

"Hapana, madam. Akuch wako mbili. Ile mkubwa iko na sukari. Hii ndogo ni ya kifafa, mtoto ya Nyibol, ule mama wa chai."

Hapo nilimkumbuka. Majina mawili ya Akuch, moja chini ya jingine, kituo kimoja. Nilidhani mashine imerudia. Nilimfuta mtoto wa miaka tisa kwa sababu jina lake lilifanana na la jirani yake.

Nyibol tulimkuta kwenye kibanda chake, birika tatu motoni. Alipoona kadi za shirika shingoni mwetu, alitangulia kuuliza.

"Dawa ya Akuch inakuja Jumatatu?"

Mimi nilianza kueleza habari za faili. Nilifika kwenye alama mbili ndogo.

"Wewe," akanikatiza, "hii mtoto yangu ikianguka kwa moto, kompyuta yako itakuja kuishika?"

Nikasema haitakuja. Nikaomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu kidogo nilichonacho, na zote mbili zilionekana fupi. Namuria akamwuliza kama bado ana kadi. Nyibol aliingia ndani akatoka na Biblia, na kadi ilikuwa humo, imenyooka, haina hata kunjo. Tarehe, dawa, kipimo, kila kitu.

Ningeondoka na kadi. Namuria aliomba kumwona mtoto. Akuch alitoka na unga mikononi, akasimama mlangoni pale pembamba, mkeka upande huu na bati upande ule, akitutazama bila haya. Namuria naye alimtazama vizuri, kama mtu anayetaka kumjua tena akikutana naye popote. Ndipo akaandika daftarini, akiwa amesimama juani: Imepatikana 64.

Tuliporudi aliuandika ule mstari kwa mkono wake mwenyewe, herufi kwa herufi. Mwishoni, mahali ambapo tunaruhusiwa kuweka maelezo ambayo mashine huyaruka, aliongeza maneno machache. Boksi la K12 likafungwa saa sita na robo. Dereva aligomba kidogo, kwa heshima. Jumatatu dawa ilifika.

Kuhusu mimi, makao makuu yalitaka taarifa ya maandishi. Namuria aliwaandikia kwamba kosa limerekebishwa, hesabu imelingana, na mhusika atachukuliwa hatua nyumbani. Hatua hiyo ilikuwa mbuzi. Nilimnunua, nikamleta Lodwar, na kabla nyama haijaguswa nilisimama mbele ya wafanyakazi wote, wapishi na walinzi pamoja, nikaeleza nilichofanya, kuanzia K1 hadi Nyibol. Ilikuwa marufuku kusema "mfumo ulikosea". Kila nilipokaribia kusema hivyo, Namuria alikohoa.

Tangu siku hiyo ndiyo imekuwa desturi yetu. Anayeharibu kumbukumbu huleta mbuzi na kusimama akaeleza, kisha tunakula na neno halirudiwi. Matokeo yake ni kwamba hakuna anayeficha kosa hapa, maana kuficha hakuna nyama. Kwa miaka minane wamechinjwa mbuzi kumi na mmoja. Wangu ni wanne. Yule mtaalamu wa Nairobi, alipokuja kuanguka kwenye shimo lile lile, alituma kreti mbili za soda na barua ya kurasa mbili, tukaikubali kwa kuwa amekaa mbali na mbuzi.

Mwenye kupenda orodha ya mafanikio atamwona Namuria kwenye mambo mengi. Amehamisha kumbukumbu zetu kutoka makabati ya bati hadi mashine tatu tofauti bila kupoteza mtu. Amefunza makarani kumi na tisa, wakiwemo watatu ambao sasa wanalipwa kuliko yeye katika mashirika mengine na ambao bado humpigia simu wakikwama. Amekunywa, kwa makadirio yangu, chai ya maziwa ya ngamia ya kujaza tangi la ofisi, na makadirio hayo ameyapinga. Lakini ukimwuliza mwenyewe, atakutajia namba moja tu. Tangu Machi ile hadi mwezi huu imepita miezi mia moja na minne, na Akuch hajakosa dawa hata mwezi mmoja. Akuch ana miaka kumi na saba sasa. Yuko humu ukumbini leo, amekaa na mama yake, na kama chai ina tangawizi nyingi, mjue ni ya Nyibol.

Nafasi ya Namuria inachukuliwa na Céline, aliyefika Kakuma kutoka Bukavu na amefanya kazi naye miaka sita. Wiki iliyopita, Namuria alipomvalisha ule uzi wa shanga wenye flashi na ufunguo, Céline alilia, akasema, "Mama, hii kazi njo yako. Miye nitaichunga tu." Namuria akamjibu kwamba ufunguo wa kabati huwa unakwama, auzungushe kushoto kwanza. Kisha akaenda nje, akidai anatazama gari la ofisi limeegeshwaje, akakaa huko muda mrefu kuliko kazi hiyo inavyohitaji.

Imebaki kazi moja, ambayo alinipa mimi kwa makusudi. Katika faili zetu, kila mahali palipobadilishwa pana maelezo madogo yanayosema "Imekaguliwa na Namuria". Makao makuu yameagiza kwamba kuanzia Jumatatu mwenye faili hizo awe Céline, na jina libadilishwe kote. Nikafungua folda. Nikanyoosha kidole. Nilisikia kikohozi nyuma yangu.

Basi nikachukua daftari, la ishirini na saba, nikaandika "Inatarajiwa". Nikafikiri miaka yake yote hapa. Nikaandika 500. Nikatafuta bila kubadilisha. Imepatikana 2,918.

Namba hazikulingana. Kwa sheria yake mwenyewe, sikuruhusiwa kubonyeza.

Nimelipitisha jina lake mlangoni moja moja, siku tisa sasa. Nimekutana naye kwenye vituo vyote ishirini na viwili, kwenye dawa ambazo hazitengenezwi tena, kwenye watu waliorudi kwao na waliozikwa hapa. Juzi nilifika faili ya K12, kwenye mstari wa Akuch. Mwishoni pameandikwa: "Huyu nimemwona kwa macho yangu. Namuria."

Kihariri kinakuuliza kila mara: badilisha, au ruka? Nikaruka.

Kwa hiyo Céline, Jumatatu ukitafuta jina la mama huyu katika folda nzima, usishtuke. Nimeshakuandikia kwenye daftari lako jipya, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Inatarajiwa: 1.

Bi. Namuria, kwa niaba ya wenzako wa Lodwar, wa Kakuma na wa vituo vyote vilivyojengwa na vile nilivyovibuni, tunakushukuru. Mbuzi mnayemla leo ni wangu, na safari hii sijaharibu kitu. Nimemleta kwa mapenzi. Wengine kumi wanakungoja Lokori, zawadi ya ofisi nzima. Tulikuwa tumeandika "kama kumi", tukafuta. Uishi vema, mama, upate usingizi wa mchana tuliokunyima sisi, na kila jioni wapite mlangoni wote.